Nishati ya jua: Jua ni la wote, uamuzi ni wa jamii

Bei ya paneli za sola imeshuka mno katika miaka ya karibuni, na jua huwaka bure. Hata hivyo, kuenea kwa umeme wa jua hutegemea pia mambo yasiyopimwa kwa wati: jirani, fundi, chama cha akiba, na nani ndani ya nyumba mwenye kauli ya mwisho.

Kwa miaka mingi, hadi ilipopitwa na China mwaka 2015, Ujerumani ndiyo iliyoongoza duniani kwa wingi wa mitambo ya umeme wa jua. Nchi hiyo hupata jua hafifu, na wakati wa majira ya baridi mawingu huweza kutanda wiki nzima bila ya jua kuonekana. Nchi nyingi za Afrika, ambako jua huwaka takriban mwaka mzima, zilibaki nyuma kwa mbali.

Sehemu ya tofauti hiyo inaelezwa na utajiri pamoja na sera za serikali. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2000 ilimhakikishia kila aliyeweka paneli malipo maalumu kwa umeme wake kwa muda wa miaka 20. Lakini utajiri na sera havielezi kila kitu. Katika nchi hiyo hiyo moja, chini ya sheria hiyo hiyo moja, upo mtaa ambao paa karibu zote zina paneli, na upo mwingine usio na hata moja. Hali ni hiyo hiyo nchini Kenya, Tanzania, Bangladesh na Marekani. Watafiti waliochunguza jambo hili wamelazimika kuacha kuangalia juu angani na kuanza kuangalia namna watu wanavyoishi pamoja.

Kilichoanzia shuleni Meru

Historia ya Kenya ni mfano mzuri. Katikati ya miaka ya 1980, Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, wilayani Meru, ilikuwa ikihitaji umeme. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, akishirikiana na mhandisi Harold Burris aliyekuwa akiishi nchini humo, aliushawishi uongozi wa shule ujaribu paneli za jua badala ya jenereta ya dizeli. Mitambo ilifungwa mwaka 1984, na shule nyingine za jirani zikafuata.

Uamuzi wa kuanzia shuleni ulikuwa na matokeo ambayo huenda hata waanzilishi wake hawakuyatarajia. Shule ya harambee ni mali ya wazazi waliochanga fedha zao, na mzazi aliyehudhuria mkutano wa jioni aliiona taa ikiwaka bila moshi wala kelele za injini. Walimu, ambao kijijini huaminiwa na wana mshahara wa kila mwezi, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kununua sola kwa ajili ya nyumba zao. Vijana wa hapo hapo walifundishwa kufunga na kutengeneza mitambo hiyo. Basi mnunuzi wa pili alikuwa na mahali pa kwenda kuuliza, na wa tatu alikuwa na fundi aliyemjua kwa jina.

Yalikuwepo mambo mengine yaliyosaidia. Meru na maeneo mengine ya miinuko yalikuwa na fedha za kahawa na chai. Familia nyingi zilikwisha nunua televisheni ndogo za rangi nyeupe na nyeusi zilizotumia betri ya gari, na kila betri ilipoisha nguvu ilibidi ibebwe hadi mjini kuchajiwa. Sola haikuwajia watu hao kama teknolojia ngeni. Iliwaondolea safari ya mjini tu. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, zaidi ya mitambo 200,000 ya majumbani ilikuwa imeuzwa nchini Kenya, mingi ikinunuliwa kwa fedha taslimu madukani, bila ya ruzuku ya serikali.

Jirani kama tangazo

Kile kilichoonekana Meru kwa macho, wachumi wawili wa Marekani, Bryan Bollinger na Kenneth Gillingham, walikipima baadaye kwa hesabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walichunguza jimbo la California na kugundua kwamba kila paneli mpya inapowekwa katika eneo fulani, uwezekano wa wakazi wengine wa eneo hilo kuweka zao huongezeka. Uchunguzi uliofuata katika jimbo la Connecticut ulionesha kwamba athari hiyo huwa kubwa zaidi kwa walio karibu, na hupungua kadiri umbali na muda unavyoongezeka.

Sababu yake si vigumu kuielewa. Mtu anayefikiria kununua sola huwa na maswali ambayo muuzaji hawezi kuyajibu akaaminiwa. Je, inafanya kazi wakati wa masika? Betri itadumu muda gani? Fundi akiitwa, huja? Jirani aliyekwisha nunua hana faida anayoitafuta, na jibu lake ni la bure. Anaweza hata kutoa bili yake ya umeme na kuionesha.

Lakini upanga huo una makali kuwili. Paneli iliyoharibika nayo ni tangazo. Katika miaka ya 1990, soko la Kenya lilikuwa na paneli ndogo za bei nafuu, na baadhi yake zilipopimwa na watafiti zilikutwa zikitoa nguvu pungufu sana kuliko ilivyoandikwa kwenye kibandiko. Mkulima hakuwa na kifaa cha kupimia. Alichokijua ni kwamba taa ilizimika saa mbili usiku, na hicho ndicho alichowaeleza wenzake. Hali kama hiyo ilijirudia baadaye, pale taa ndogo za sola zisizo na ubora zilipofurika katika masoko ya Afrika. Ndiyo sababu Benki ya Dunia, kupitia mpango wake wa Lighting Africa, ilisaidia kuweka viwango vya ubora na vipimo vya maabara. Palipo na bidhaa mbovu, hata muuzaji mwaminifu hukataliwa, kwani mnunuzi hana njia ya kuwatofautisha.

Nani anayeamua ndani ya nyumba

Takwimu huhesabu nyumba zilizo na umeme. Ni mara chache zinapouliza mwanga uko chumba gani.

Mtafiti Arne Jacobson, katika kazi yake kuhusu Kenya iliyochapishwa mwaka 2007, alibainisha kwamba faida za sola zilikuwa zikienda zaidi kwa familia za kipato cha kati vijijini, na kwamba sehemu kubwa ya umeme huo ilitumika kwa televisheni na mawasiliano. Mchango wake katika masomo ya watoto na katika kazi za kuingiza kipato ulikuwa mdogo kuliko ilivyokuwa ikidaiwa. Mtambo wa wati 12 au 20 hauna umeme wa kumtosheleza kila mtu. Televisheni ikiwashwa kwa ajili ya taarifa ya habari na mpira, kinachobaki kwenye betri ni kidogo, na mtoto aliyetaka kusoma hurudi kwenye koroboi.

Jiko nalo, ambalo katika nyumba nyingi za vijijini ni kibanda cha nje, mara nyingi halifikiwi na waya. Matokeo yake ni nyumba inayohesabiwa kuwa na umeme huku mama akipika gizani, macho yakiwasha kwa moshi wa kuni. Sola ya kiasi hicho haipiki, na moshi hauondoki kwa kuwa sebuleni kuna taa. Ndiyo maana taa ndogo ya kubebeka, ambayo mwenyewe huichukua kutoka jikoni hadi chumba cha watoto, imepokewa vizuri mahali pengi. Taa hiyo haisubiri baba aamue waya upite wapi.

Kinamama mafundi wa Unguja

Visiwani Zanzibar, suala la jinsia limefanywa kuwa msingi wa mradi wenyewe. Tangu mwaka 2015, kituo kilichopo Kinyasini, katika Mkoa wa Kaskazini Unguja, kimekuwa kikiwafundisha wanawake kutoka vijiji visivyo na umeme kazi ya kuunganisha, kufunga na kutengeneza mitambo ya sola. Kituo hicho kinafuata utaratibu wa chuo cha Barefoot kilichoanzishwa mwaka 1972 huko Tilonia, katika jimbo la Rajasthan nchini India, na Bunker Roy. Kabla ya hapo, wanawake kutoka Afrika, wakiwemo Wazanzibari, walilazimika kusafiri hadi India.

Wanaochaguliwa ni kinamama wa makamo, wengine wakiwa bibi wenye wajukuu, na wengi wao hawakupata nafasi ya kusoma. Mafunzo huchukua miezi kadhaa, na badala ya vitabu hutumika rangi, ishara na mazoezi ya mikono. Hoja ya Bunker Roy kwa miaka mingi imekuwa kwamba kijana wa kiume akipata cheti huenda nacho mjini kutafuta kazi. Mama mwenye familia hurudi kijijini, na ujuzi hubaki alipo.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba kabla ya mwanamke kuondoka, kijiji hukutana. Huunda kamati, humchagua wanayemwamini, na kila kaya inayotaka umeme hukubali kutoa mchango mdogo kila mwezi, unaokaribiana na kile ilichokuwa ikitumia kwa mafuta ya taa na mishumaa. Mchango huo ndio unaomlipa fundi na kununua vipuri. Kwa maneno mengine, kijiji hujenga kwanza makubaliano, kisha hufunga paneli.

Njia hiyo si rahisi. Mwanamke kuiacha nyumba yake kwa miezi mitano au sita huzua maneno, na waume wengine hukataa katakata. Filamu ya mwaka 2012 kuhusu mwanamke wa Jordan aliyekwenda Tilonia ilionesha jinsi mume wake alivyotishia kumpa talaka akiwa masomoni. Hata hivyo, anaporudi na kuwasha taa ya kwanza, hadhi yake hubadilika. Wale waliosema kwamba mwanamke hawezi sasa humwita taa inapozimika.

Kidogo kidogo hujaza kibaba

Kikwazo kikubwa cha sola ni kwamba gharama yake hulipwa mwanzoni. Mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo kidogo kila jioni, hata na asiye na akiba. Paneli hudai fedha za miaka kadhaa kwa siku moja.

Jamii za Afrika Mashariki zilikuwa na jawabu lao la zamani: chama nchini Kenya, upatu na vikoba nchini Tanzania, ambamo watu wanaojuana huchanga na kupokezana. Vyama vingi vya kinamama vimenunua sola kwa njia hiyo, kila mwezi nyumba moja. Dhamana yake ni uso wa mtu: asiyechanga atakutana na wenzake kisimani, sokoni na msibani.

M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2007, ilifungua njia nyingine. Kuanzia mwaka 2012, kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo midogo kwa mkopo, mteja akitoa malipo ya awali na kisha shilingi 40 hivi kwa siku kupitia simu, kwa muda wa mwaka mmoja. Asipolipa, mtambo hujizima kutoka mbali. Kampuni nyingine zikafuata mfano huo katika nchi mbalimbali za Afrika.

Utaratibu huo umewafikia watu wengi, lakini nao una upande wa kijamii. Wakala anayeuza mara nyingi ni mtu wa kijiji hicho hicho, na lawama za mtambo ulioharibika humwangukia yeye. Malipo ya kila siku yanamfaa mwenye kibanda sokoni, lakini si mkulima anayepata fedha mara mbili kwa mwaka. Kwa Waislamu, limekuwepo pia swali kama bei ya mkopo kuwa juu kuliko ya taslimu ni riba. Wanazuoni wengi huruhusu mauzo ya malipo ya baadaye iwapo bei imekubaliwa tangu mwanzo na haiongezeki, lakini mnunuzi angependa kulisikia hilo kwa shekhe wake kabla ya kulisikia kwa muuzaji.

Bangladesh inatoa funzo zaidi. Kuanzia mwaka 2003, nchi hiyo iliendesha mpango mkubwa wa mikopo ya sola uliofikisha mitambo zaidi ya milioni nne majumbani. Mkusanyaji wa malipo alifika mlangoni kila mwezi, na alipofika aliukagua mtambo. Mambo yalibadilika baadaye kwa sababu mbili. Nguzo za gridi zilifika mapema kuliko ilivyotarajiwa, na mitambo ya bure ikaanza kugawiwa katika vijiji hivyo hivyo. Aliyekuwa akilipa alimtazama jirani yake aliyepewa bila malipo na kujiuliza kwa nini aendelee. Msaada uliokusudiwa kuwafaa maskini uliivunja imani iliyokuwa ikiuendesha mpango wenyewe.

Wanaobaki gizani

Si kila mtu aliye na uhuru wa kuchagua. Mpangaji hana paa. Akiweka paneli, mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi au kumwambia aondoke. Tatizo hilo liko Nairobi na Dar es Salaam kama lilivyo London. Nchini Uingereza, mpango wa kuwalipa wananchi kwa umeme wao wa jua, ulioanza mwaka 2010 na kufungwa kwa waombaji wapya mwaka 2019, uliwafaidisha zaidi wenye nyumba zao na akiba ya kutosha. Ujerumani imejaribu kuliziba pengo hilo kwa paneli ndogo za kuning'inizwa kwenye baraza, na mwaka 2024 ilibadilisha sheria ili iwe vigumu kwa mwenye nyumba kumkatalia mpangaji bila sababu.

Bei ya umeme wa kawaida nayo hujenga mazoea. Nchini Oman, mamlaka ya udhibiti wa umeme ilizindua mwaka 2017 mpango uitwao Sahim wa kuhamasisha paneli juu ya nyumba. Lakini mahali ambapo umeme wa majumbani umepewa ruzuku kwa muda mrefu, mwenye nyumba haoni haraka ya kupanda juu ya paa, hata jua liwe kali namna gani.

Katika vijiji vya Afrika Mashariki, kizuizi kingine ni ahadi. Kila uchaguzi huja na habari za nguzo, na anayetarajia umeme wa gridi mwakani haoni sababu ya kununua sola mwaka huu. Wapo pia wanaoiona sola kuwa umeme wa wanyonge, usioweza kupiga pasi wala kusaga nafaka. Upo na wizi: paneli juu ya paa huonekana na mpita njia, na wengine huitoa nje asubuhi na kuiingiza ndani jioni. Mahali ambapo majirani hulindana, paneli hukaa juu ya paa na kufanya kazi siku nzima.

Mali ya nani?

Shule, zahanati, misikiti na makanisa mengi barani Afrika yana paneli zilizofungwa kwa msaada na ambazo hazifanyi kazi tena. Kwa kawaida paneli yenyewe ni nzima, kwani huweza kudumu zaidi ya miaka 20. Kilichokufa ni betri, ambayo hudumu miaka michache tu, na hakuna aliyekuwa ameweka akiba ya kununua nyingine. Mfadhili alikabidhi funguo, picha zikapigwa, na haikujulikana tena mtambo ni wa nani.

Mji mdogo wa Schönau, katika Msitu Mweusi wa Ujerumani, ulipita njia iliyo kinyume. Baada ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl mwaka 1986, wazazi wa mji huo wenye wakazi wapatao 2,500 walianza kampeni ya kujiondoa katika nishati ya nyuklia. Walishinda kura mbili za maoni, mwaka 1991 na 1996, na mwaka 1997 wakaununua mtandao wa umeme wa mji wao. Hatimaye paneli zilipanda hadi juu ya paa la kanisa. Mmoja wa viongozi wao, Ursula Sladek, alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2011. Kufikia mwaka 2012, karibu nusu ya uwezo wote wa nishati jadidifu nchini Ujerumani ilikuwa mikononi mwa wananchi wa kawaida na wakulima.

Schönau ni mji wa nchi tajiri, na Kinyasini ni kijiji cha kisiwa. Hata hivyo vinakutana katika jambo moja: watu walikubaliana kwanza, na walijua mtambo ni wao.

Hilo linawahusu pia Waswahili walio ughaibuni, ambao wengi wao hutuma fedha nyumbani kwa ajili ya sola ya wazazi, shule waliyosoma au zahanati ya kijiji. Bei ya paneli ndiyo inayoulizwa kwanza, na siku hizi ndiyo rahisi kujibiwa. Yanayoamua kama taa itawaka baada ya miaka mitano ni maswali mengine: Nani ataitengeneza, na anaishi umbali gani? Nani ataweka akiba ya betri, na mbele ya nani atatoa hesabu? Je, wanaopika na wanaosoma waliulizwa taa iwekwe wapi? Kijiji kilichokwisha kuyajibu maswali hayo kinahitaji msaada mdogo kuliko kinavyodhaniwa. Kisichoyajibu kitapokea paneli, na huenda baada ya muda kikarudi kwenye koroboi.